Sem Sem

Msikilizaji, ukipita Batha mjini Riyadh, au Balad kule Jeddah, tega sikio pale watu wanapopatana bei. Muuza simu Mbengali, dereva Mpakistani, dada wa Mombasa anayetafuta chaja: wote wanalo neno moja. "Hada sem sem hadak?" Hii ni sawa na ile? Asili yake ni Kiingereza, same. Likarudufiwa, likazama katika kile Kiarabu cha vibaruani ambacho mwanaisimu J. R. Smart aliandika juu yake mwaka 1990. Mwenyeji wa Jeddah akizungumza na mwenziwe husema zay baad. Akimgeukia mgeni, sem sem.

Mswahili hulishika upesi. Kiarabu kinatenganisha sifa za kike na za kiume, na vivumishi vyetu vingi vinafuata ngeli, lakini sem sem haibadiliki kwa mtu wala kwa kitu. Nasi tunalo la namna hiyo hiyo: mtoto sawa, viatu sawa, mambo sawasawa. Hilo nalo tulilipata kwa Waarabu.

Sokoni halina neno. Linaloniuma ni linavyotumika majumbani. Alhamisi jioni, vyombo vimeshaoshwa, madamu anamwita shagala, yaani mtumishi wa nyumbani: "Yalla, beit uhti. Sem sem." Twende kwa dada yangu, ni yale yale. Si yale yale! Vyoo ni vingine, watoto ni wengine, ngazi ni za ghorofa nyingine; kisichobadilika ni mshahara. Na binti, kwa kuwa neno analielewa, anadhani amekubali.

Kanuni za Saudi Arabia za mwaka 2013 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani zilimzuia mwajiri kumpa mtu kazi iliyo nje ya makubaliano, isipokuwa panapokuwa na dharura. Mageuzi ya ajira ya Machi 2021, yaliyowarahisishia wengine kubadili mwajiri, yaliwaacha nje hawa wa majumbani. Kwa hiyo mkataba ndio ngao kubwa ya binti, nao unataka mdomo wa kuutetea.

Nawaomba mawakala wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam: mnapomfunza binti kusema haadir (niko tayari) na tayyib (sawa), mfunzeni pia kusema mafi sem sem: si yale yale. Kisha fungueni mkataba mbele yake, mumwonyeshe kwa kidole palipoandikwa jina la mwajiri, na kwamba ni mmoja.