NENO MOJA, VIDONGE KUMI NA MOJA

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo la Kiingereza, neno ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua, lakini likibandikwa juu ya chupa ya dawa laweza kumpeleka mtu kaburini. Neno lenyewe ni "once".

Mwingereza hulitamka "wans", na maana yake ya kwanza ni mara moja. Dawa ikiandikwa "once a day", ni ya kumeza mara moja kwa siku. Sasa mpe chupa hiyo mtu aliyekulia Puerto Rico au Jamhuri ya Dominika, ambaye Kiingereza kinampiga chenga. Herufi hizo nne anazijua tangu utotoni. Yeye huzitamka "onse", na katika Kihispania chake maana yake ni kumi na moja. Ikiwa ni dawa ya shinikizo la damu, aliyetakiwa kumeza kidonge kimoja anasoma kwamba ameze mara kumi na moja kwa siku. Hajakosea kusoma. Amesoma sawasawa, ila kwa lugha yake.

Pengine mtasema hayo ni masihara ya walimu wa lugha. Hapana. Nchini Marekani watu zaidi ya milioni 40 huzungumza Kihispania majumbani mwao. Mwaka 2010 watafiti Iman Sharif na Julia Tse walichapisha katika jarida la watoto la Pediatrics uchunguzi walioufanya Bronx, sehemu ya Jiji la New York yenye wasemaji wengi wa Kihispania. Waliyauliza maduka ya dawa 286. Maduka 209 yalisema yanatoa maelezo kwa Kihispania, na mengi kati ya hayo yalitegemea programu za kompyuta. Wakapima vibandiko 76 vilivyotoka katika programu 13. Nusu nzima vilikuwa na makosa!

Na makosa hayo yalikuwa ya namna gani? Aghalabu kompyuta ilitafsiri nusu na kuiacha nusu. Maneno ya Kihispania yanakwenda vizuri, halafu katikati linachomoza neno la Kiingereza kama mwiba ndani ya wali. Miongoni mwa maneno yaliyoachwa bila kutafsiriwa ni hayo hayo "once a day". Pengine herufi moja ilikosewa, na "boca", yaani mdomo, ikawa "poca", yaani kidogo. Mzazi aliyetaka kujua dawa inapitia wapi akaachwa akikisia.

Tafsiri sahihi ilikuwapo, wala si ngumu. Mara moja kwa siku ni "una vez al día". Lakini neno hilo la Kiingereza halina kazi moja tu. Likitanguliwa na "at", maana yake ni upesi, papo hapo, na Mhispania husema "enseguida". Likianza hadithi ya bibi, yale tunayoita hapo zamani za kale, yeye husema "érase una vez". Likiwa na maana ya mara tu jambo litakapokwisha, husema "una vez que". Mtu mwenye akili timamu hutazama sentensi nzima, kisha huchagua. Mashine isiyosimamiwa huchukua lolote, au huliacha neno kama lilivyo.

Wala tusiitupie lawama mashine peke yake. Mwaka 1980, kule Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, wenye asili ya Kuba, walieleza kuwa ni "intoxicado". Kwao neno hilo lilimaanisha kuwa amedhuriwa na kitu alichokula. Waliosikia walidhani amelewa dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa chake. Kijana yule alipooza mikono na miguu, na fidia yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemwita mkalimani.

Ndugu wasikilizaji, msicheke. Na sisi tuna "mara moja" yetu. Ukiniambia "Nilikwenda Tanga mara moja", nitahesabu safari. Ukiniambia "Njoo mara moja!", nitakimbia. Huko Kenya kuna vidonge vya maumivu vinavyoitwa Mara Moja, na mnunuzi anaelewa kuwa vinatuliza upesi, si kwamba vinamezwa siku moja katika maisha. Basi mgonjwa akiambiwa dirishani "kunywa hii mara moja", afanye lipi? Ainywe sasa hivi, au ainywe mara moja kisha aache?

Tazama pia "kutwa mara tatu". Kutwa ni mchana, tangu macheo mpaka machweo. Bibi yangu na wako watavimaliza vidonge vitatu kabla ya magharibi, na usiku mzima dawa haimo mwilini, ilhali daktari alikusudia kila baada ya saa nane. Na kibandiko cha Kiingereza kikisema saa 8 asubuhi, ni saa mbili yetu, si saa nane. Ndiyo hatari ya kudhani kwamba neno lililotoka kinywani mwangu limefika sikioni mwako likiwa vile vile.

Dawa ya ugonjwa huu si ghali. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2009 kuyataka maduka makubwa ya dawa yenye matawi kutoa tafsiri na ukalimani bila malipo. Sisi tunaweza kuanza na lisilohitaji hata sheria. Mwenye kutoa dawa aandike tarakimu, ataje na saa: kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 usiku. Kisha amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyokunywa. Asimuulize "Umeelewa?", maana sote tutajibu ndiyo, hata tusipoelewa, kwa kuogopa foleni iliyo nyuma yetu.

Na wewe mgonjwa, usione haya. Kuuliza si ujinga. Rudi dirishani, uliza tena, hata kama aliye ndani amekunja uso. Uso wake utakunjuka kesho. Kidonge ukishakimeza, hakirudi.

Kwa leo naishia hapo.