Kiraka cha Shaba Kuukuu

Huko pwani dele la kahawa likianza kufanya kutu ya kijani husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ling'are. Ni sawa, maana kutu ile ikiingia kinywani ni sumu. Leo lakini nazungumzia shaba inayokaa juani na mvuani, ambayo mwenye kuisugua huiharibu.

Itazameni Sanamu ya Uhuru ya New York. Ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa nyekundu kama sarafu mpya. Kwanza ikawa kahawia, kisha unyevu, moshi wa mji na chumvi ya bahari vikaivika kijani. Kufikia 1906 ilikuwa kijani mwili mzima, na Bunge la Marekani likatenga dola 62,800 za matengenezo, pamoja na kuipaka rangi ndani na nje. Wananchi wakapiga kelele. Wahandisi wa jeshi wakaichunguza kutu ile, wakaona kuwa ndiyo inayoikinga shaba iliyo chini yake, na bati lenyewe lina unene wa milimita 2.4 tu! Basi ikapakwa rangi ndani peke yake.

Taabu ilikuja miaka ya 1980, ilipokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya kutimiza miaka 100. Ukitoa bati lililochakaa ukaweka jipya, kiraka kitang'aa kama jino la dhahabu. Zipo dawa za kukitia kijani: siki na chumvi, amonia, na chumvi mbalimbali za shaba. Fundi hulisafisha bati lisibaki hata mafuta ya vidole, hunyunyizia dawa kidogo kidogo, huliacha likauke, kisha hurudia. Rangi hutokea kwa siku chache. Ila kijani cha siki huyeyuka kwa mvua, na kikiwa kinene hubanduka maganda, wakati kile cha miaka mingi kimeshikana na shaba. Mimi sina ugomvi na dawa hizo pale ambapo hakuna njia nyingine. Ninachokataa ni kuwaambia watunzaji kwamba ni kitu kilekile.

Hata kijani cha kweli huhitaji kuangaliwa. Ndani ya sanamu mafundi waliondoa lami ya zamani kwa kurusha unga wa sodiamu bikaboneti, ule ule wa kuumulia maandazi. Unga ukapenya kwenye maungio mpaka nje, ukaanza kugeuza kijani kuwa bluu.

Kuhusu viraka, walifanya jambo la busara. Paa la maabara ya Bell, huko New Jersey, lilikuwa la shaba iliyokwisha kukaa miaka mingi nje, na kijani chake kilikaribiana sana na cha sanamu. Wakapata shaba ya paa hilo wakakata viraka vyao. Maabara nayo ikapewa vipande vya ngozi ya zamani ya sanamu, ikavichunguze.