Tarakimu Sita: Soma Mwenyewe

(Mazungumzo ya ofisa wa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya simu. Wengi wenu mna simu za kitochi, na hizo hazina shida. Lakini siku hizi watoto walioko mjini huwaletea wazazi wao simu janja. Simu ikishafika tu, swali ni moja: "Mama, umeshaweka WhatsApp?"

WhatsApp ni nini? Ni programu. Programu ni maagizo yanayowekwa ndani ya simu ili iweze kufanya kazi fulani. Kazi ya hii ni kupeleka maandishi, picha na sauti kwa njia ya intaneti. Ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Koum alizaliwa Ukraine, akahamia Marekani pamoja na mama yake mwaka 1992, akiwa na miaka 16. Kupiga simu ya sauti kuliongezwa mwaka 2015. Kupiga simu huku mnaonana nyuso kuliongezwa mwaka 2016.

Sauti inasafirije? Simu yako huikata sauti vipande vidogo vidogo. Kila kipande hubeba anwani, kama barua. Vipande hivyo hupita kwenye intaneti, na simu ya mwenzako huviunganisha tena. Mtandao ukiwa dhaifu, vipande vingine huchelewa au hupotea. Ndiyo maana sauti hukatika-katika. Basi usigombane na mtoto wako kwamba hataki kukujibu. Toka nje, tafuta mahali penye mtandao, upige tena.

Tena, msidanganywe kwamba ni bure kabisa. Dakika za simu hazikatwi, ni kweli, lakini bando la intaneti linatumika. Maandishi hula kidogo sana. Sauti hula zaidi. Kuonana nyuso hula kuliko vyote.

Sasa nieleze tuliyoyaona darasani kwetu. Washiriki watano waliweka programu hii wenyewe. Mimi nilisimama pembeni, mikono nyuma.

La kwanza waliloliona ni wingi wa maswali. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, mbona inauliza kama karani wa sensa?" Ni kweli, inauliza. Inataka ukubali masharti. Inataka namba yako. Inataka jina. Inaomba ruhusa ya kuona majina uliyoyahifadhi kwenye simu, na ruhusa ya kutumia kamera. Kila swali lisome polepole kabla ya kubonyeza. Picha yako si lazima uiweke.

La pili lilikuwa sifuri. Namba zetu huanza na 0. Lakini programu hii inatumika dunia nzima, kwa hiyo kila nchi ina namba yake ya mbele. Tanzania ni +255. Oman ni +968. Ukishachagua Tanzania, ile 0 ya mwanzo unaiacha, unaandika tarakimu tisa zinazobaki. Kama namba yako huanza na 0754, wewe anza na 754. Kumbukeni hilo pia mnapohifadhi namba ya ndugu aliye nchi nyingine.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu leo. Ukishaandika namba yako, unaletewa ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Unazisoma, unaziandika kwenye programu, mlango unafunguka. Kwa nini wanafanya hivyo? Wanataka kuhakikisha kwamba mwenye namba ni wewe kweli. Basi tarakimu hizo ni ufunguo. Mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Ndugu zangu, hapa ndipo wezi wanapopita. Mnaujua ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Huu ni ndugu yake. Mwizi huchukua simu yake, akaandika namba yako wewe. Tarakimu sita zinakuja kwako, maana namba ni yako. Kisha anakuandikia kwa upole, pengine kwa jina la mtu unayemfahamu: "Shikamoo mama. Kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya. Naomba unitumie." Ukimtumia, umekwisha. WhatsApp yako inahamia kwenye simu yake. Sasa anawaandikia ndugu zako: "Niko hospitali, nisaidie elfu hamsini." Nao watatuma, maana wanaona jina lako.

Jamani, programu haikosei namba. Tarakimu zikija kwako, ni zako. Usimpe mtu. Hata mwanao akiziomba kwa maandishi, mpigie simu ya kawaida kwanza, usikie sauti yake.

Wengine watasema, "Mimi nampelekea simu kijana wa kibandani, ananiwekea kila kitu." Vijana wengi ni waaminifu, sikatai. Lakini angalieni tulikotoka. Mwaka 1967 nchini kwetu, watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Barua ikitoka mjini, ilibidi mtu mwingine aisome. Siri ya nyumba yako aliijua msomaji kabla yako. Mwalimu Nyerere akatangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakaingia madarasani, wengine chini ya miembe, jembe likiwa begani. Walitaka wasisomewe tena siri zao. Leo wewe umehitimu kisomo, halafu unampa mtu mwingine akusomee tarakimu sita? Hapana. Kijana wa kibandani akuelekeze, sawa. Lakini kusoma usome wewe, na kubonyeza ubonyeze wewe.

Liko na kufuli la pili. Ndani ya programu nenda kwenye mipangilio, halafu akaunti, utafute uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo utachagua namba yako ya siri yenye tarakimu sita. Hii hailetwi na mtu, unaitunga mwenyewe. Mwizi hata akipata ule ufunguo wa kwanza, kufuli hili litamzuia. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala namba ya siri ya kutolea pesa.

Na kama umeshaibiwa? Usikae ukilia. Ifungue programu, andika namba yako tena. Utaletewa tarakimu sita mpya. Ukiziingiza, mwizi anatolewa. Ikiwa naye alishaweka kufuli la pili, huenda ukangoja siku saba kabla ya kuingia, lakini yeye ameshatoka. Wakati huohuo wapigie ndugu zako kwa simu ya kawaida, uwaambie wasitume hata senti.

Jambo la mwisho ni hili. Ukibonyeza alama ya kipaza sauti, unaweza kutuma sauti badala ya kuandika. Ni vizuri, hasa kwa bibi asiyeona herufi ndogo. Lakini wewe mhitimu usiache kuandika. Kisomo kisipotumiwa huota kutu kama jembe lililowekwa darini. Kila siku mwandikie mtu mistari miwili tu: mvua imenyesha, mbuzi amezaa, mtoto amepona. Hiyo ndiyo mazoezi yako.

Kabla hatujaachana, chukueni maswali haya mkazungumze katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini tunaacha 0 tunapoandika namba yetu?
2. Mtu akikuomba tarakimu sita, utamjibu nini?
3. Ni nani kijijini kwetu ana simu janja lakini hajaweka kufuli la pili? Ni nani atamwelekeza?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo tu. Nendeni mkamsaidie, na mwacheni asome mwenyewe.