Namba ya Kifuani na Jina la Anayekimbia

Ndugu wananchi wa Kasese, Bwera na Mpondwe, pamoja na jirani zetu wa Kasindi,

Mbio za Rwenzori zinapokaribia, namba za kukimbilia zaweza kupita mkono kwa mkono. Aliyejisajili ameumia goti, humwachia shemeji yake. Hatuji hapa kumtisha mtu kwa hilo; hofu yetu ni nyingine. Namba hufungamana na jina, umri na simu ya ndugu wa karibu. Mkimbiaji akianguka kwenye kilomita ya 30, simu italia katika nyumba isiyo yake. Mama mmoja ataomboleza bure, na mwingine, ng'ambo ya mto Lhubiriha, hatajua kwamba mwanawe yu hospitalini.

Kwa hiyo tunawaomba waandaaji waruhusu namba zihamishwe kwa njia ya mtandao: mwenyewe aiachie, mpokeaji aandike jina lake, kitambulisho na simu ya ndugu, hata ikiwa ya Kongo. Ada, ikiwapo, iwe ndogo. Ikizidi, watu watarudi kuuziana vichochoroni.

Nanyi mliokwisha kupeana, geuzeni karatasi ya namba, mwandike nyuma yake jina lenu na simu ya nyumbani kwa kalamu isiyofutika kwa jasho.