Daftari la Wanachama Si Mali ya Mgombea

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walimu na watumishi wenzangu wa Urambo,

Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi wa ndani ya Chama. Sitawazungumzia wagombea, maana wao hawajapata kukosa wasemaji. Nitalizungumzia daftari.

Hapa tulipo ni katika nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Katika njia ile kila msafara ulitoa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Hongo ile ilihesabiwa kwa nguo, mchana, mbele ya msafara mzima. Neno limebaki lakini maana yake imegeuka. Hongo ya leo hutolewa kwa siri, na tangu simu zianze kubeba fedha haihitaji hata mtu wa kuipeleka. Inahitaji namba tu.

Namba hizo mgombea hazioti ndotoni. Hutoka katika orodha ya wanachama wenye haki ya kupiga kura. Zamani balozi wa nyumba kumi aliweka daftari lake la kuandikwa kwa mkono, na aliyetaka kulinakili ilimbidi akae naye uani, majirani wakiona. Leo wanachama huandikishwa kwa njia ya kielektroniki, na orodha ya wilaya nzima yaweza kutumwa kwa mtu kabla chai haijapoa. Mwaka 2025 Chama chetu kilipanua idadi ya wajumbe wanaopiga kura za maoni. Hatua hiyo ni njema, kwani kuwahonga wengi ni kazi ngumu kuliko kuwahonga wachache. Lakini orodha ikivuja, ugumu huo hupungua sana.

Mwanachama anapotoa jina lake na namba yake, huwa ameridhia jambo gani? Ameridhia Chama kimtambue, kimwite mkutanoni, kipokee ada yake. Hakuridhia kupigiwa simu usiku wa manane na mtu asiyemjua anayemwita kwa jina la baba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yasema hivyo hivyo kwa lugha ya kisheria: taarifa zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Tena sheria hiyo huyaweka maoni ya kisiasa katika fungu la taarifa nyeti, ambazo, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, hazitumiki bila idhini ya maandishi ya mwenyewe.

Jambo hili lawagusa ninyi kuliko mnavyodhani. Mwalimu anayo haki ya kuwa mwanachama wa chama akipendacho, na anao wajibu wa kumfundisha mtoto wa kila mzazi bila upendeleo. Orodha ikizagaa dukani, mzazi wa chama kingine atamtazama kwa jicho gani? Na jina lake lisipoonekana katika orodha hiyo, wakubwa wake nao watasema nini? Kura ni siri. Lakini siri ya kura haina nguvu nyingi kwa mtu ambaye mambo yake mengine yote yanajulikana kwa wanaomhitaji.

Najua nitajibiwa kwamba mgombea hawezi kuwaomba kura watu asiowajua. Ni kweli. Basi ofisi iwaite wajumbe, iwasimamishe wagombea wote mbele yao siku moja, kwa muda sawa. Ikiwa kuna ujumbe wa kupeleka, ofisi iupeleke kwa niaba ya wote, namba zibaki kabatini. Hivi sasa anayeipata orodha mapema ni yule mwenye rafiki ofisini, naye mkulima wa tumbaku anayegombea kwa mara ya kwanza huipata siku ambayo wenzake wamekwisha maliza kuzunguka. Sisi wa magazeti ya Chama tumeandika mengi juu ya rushwa, lakini juu ya orodha tumeandika kidogo mno. Hapo nakubali tukosolewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakapoandikishwa tena, ulizeni daftari hili litakaa kwa nani na nani ataruhusiwa kulifungua. Na siku ya pili baada ya kura, katibu aulizwe mbele ya kikao: nakala ngapi zilitoka, zilikwenda kwa nani, na ngapi zimerudi.