Shanga za Udongo za Karen
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kibera)



Katibu aliniomba niseme habari za historia ya kiwanda. Najua wengine mlitazamia habari za karakana ya reli, maana ndiyo kazi yangu. Lakini leo nataka kuwaelezeni habari za kiwanda cha Kazuri, kule Karen. Nina deni nacho.

Kilianza mwaka 1975. Bibi Susan Wood, mke wa Daktari Michael Wood wa wale madaktari wa ndege, alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba yake. Humo alijaribu kufinyanga shanga, pamoja na wanawake wawili tu. Wakaja wengine kutaka kazi, wengi wao wakilea watoto peke yao, naye akawaandika. Mwaka 1988 kibanda kikawa kiwanda, na baadaye wafanyakazi walipita 300.

Udongo hutoka upande wa Mlima Kenya. Hufinyangwa kwa mkono, ushanga mmoja mmoja, ukatobolewa, ukakaushwa, ukasuguliwa. Usipokauka sawasawa utapasuka ndani ya tanuri, na kazi yote imepotea. Ukiisha chomwa hupakwa rangi kwa brashi, kisha hurudi motoni mara ya pili ili ung'ae kama kioo. Fundi wa reli akikosea kipimo huona papo hapo. Hawa hungoja mpaka tanuri lifunguliwe.

Nayajua haya kwa sababu mama yangu alifanya kazi hiyo. Baba alipopunguzwa kazi, mimi nilikuwa darasa la tano shule ya misheni. Kodi ya chumba chetu ililipwa kwa shanga, na sare yangu pia. Jioni mama alirudi na udongo kwenye kucha, akakuta baba amesonga ugali. Sisi watoto tulicheka. Baba hakucheka, wala hakuwaambia rafiki zake nani anayelipa kodi. Hata leo nasikia wanaume hapa Kibera na Kawangware wakisema, "Huyo mke wangu hafanyi kazi, anachezea udongo tu."

Sasa sikilizeni habari za mbali. Katika nchi ya Hungaria kuna mji mdogo unaoitwa Herend. Huko kuna kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1826, kinachotengeneza vyombo vya kaure, navyo hupakwa rangi kwa mkono kama shanga za Karen. Mwaka 1851 vilipoonyeshwa London, Malkia Victoria mwenyewe alivinunua. Mwaka 1948 serikali ilikitwaa kiwanda. Ilipokiuza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, robo tatu ya hisa zilikwenda kwa wasimamizi na wafanyakazi wenyewe. Mpaka rangi akawa na sehemu yake katika kiwanda! Sisemi kwamba jambo hilo ni rahisi. Hisa hununuliwa kwa fedha, nasi mshahara wetu tunaujua. Lakini walioshika brashi walihesabiwa.

Kwa hiyo naomba chama kiwaalike wanawake wa kazi za udongo katika mkutano ujao, wakae mbele, si kuja kutupikia chai. Mama amekubali kuja. Mwenye swali juu ya mshahara au tanuri amwulize yeye mwenyewe. Hapendi kusemewa, na leo nimekwisha kumsemea vya kutosha.