Barabara ya taifa namba 5: tuipime baada ya mvua



Kulalamika juu ya mashimo tumeisha zoea. Leo tuongee namna ya kupima kazi yenyewe.

Greda ikipita tunapiga makofi na kutuma picha. Mvua tatu tu, mashimo yamerudi palepale. Hiyo ni matengenezo? Hapana. Maji ndiyo yanakula barabara. Kama mtaro haukuchimbwa, kama njia ya maji imeziba, greda imepaka poda tu.

Angalieni watu wa Uvira wanaoenda Bukavu. Gari nyingi zikifika Kamanyola zinavuka mpaka, zinapita kwenye lami ya Rwanda, juu ya kuepuka mlima wa Ngomo. Mkongomani anaacha barabara ya taifa lake, anazunguka kwa jirani. Hiyo pia ni alama, na ni mbaya.

Sisi wa Sange tunajua barabara siyo mchezo. Tarehe 2/7/2010 lori ya mafuta ilipinduka hapa, ikawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Hatusemi shimo ndilo liliwaua. Tunasema barabara hii inapita mlangoni mwetu, na kuulizia usalama wake ni haki yetu.

Pesa je? FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, uko tangu sheria ya 2008. Unapata pesa kwenye mafuta na kwenye peaje. Motari, ukinunua esanse kwa stesheni, umeisha lipa. Kwa hiyo hatuombi msaada, tunadai.

Tugawane vipande toka Luvungi mpaka Kiliba. Baada ya kila mvua kubwa tuangalie: Maji yanatoka ao yanalala? Mtaro uko wazi? Shimo la mwezi jana limezibwa? Gari mbili zinapishana bila kusukuma mama mwenye mzigo pembeni? Andikeni tarehe, mahali, mupige picha. Bila matusi, bila kuzidisha: uongo moja utaharibu kazi yote.

Katiba yetu, kifungu cha 27, inaruhusu kila Mkongomani kupeleka petisyo, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaipeleka kwa Office des Routes na FONER, tubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Toka siku hiyo tunahesabu.

Nani anachukua kipande cha Luberizi? Ainue mkono.